Waliotajwa Mara Moja

Nengo, Gisenyi
9 Agosti 1998

“Msomaji wa leo hana subira na majina ya wale askari wadogo wanaoingia katika utenzi huu kwa mstari mmoja, wakauawa, wasionekane tena. Hawana kazi yoyote katika hadithi. Tafsiri ya kisasa inapaswa kumwondolea msomaji mzigo huo.”

Hayo ni maneno yako, Latif, katika dibaji uliyonitumia pamoja na sura za mwanzo za tafsiri yako. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa makusudi. Ningeanza na salamu ningepoa, na sitaki kupoa.

Bon. Salamu sasa. Mama hajambo, ila magoti. Anasema anasikia mvua kwenye magoti kabla haijafika ziwani. Umuhire, mke wa mdogo wetu, anashona sare za shule tangu asubuhi mpaka jioni, na cherehani yake ndiyo sauti pekee katika nyumba hii wakati Mama amelala. Mimi nipo. Shule niliyokuwa nikifundisha Kifaransa haijafunguliwa, na wale walimu niliokuwa nagombana nao wakati wa mapumziko, mmoja amekufa, mmoja yuko sijui wapi, na wa tatu tukikutana sokoni ananisalimu kwa adabu. Adabu! Yule mtu alikuwa ananirushia chaki. Upande wa Goma kuna vita tena, na sukari imepanda. Wasalimie shemeji na watoto.

Sasa turudi kwa askari wako wadogo. Wewe unatafsiri utenzi wa vita wa Wagiriki wa kale, kazi iliyodumu miaka elfu mbili na zaidi bila msaada wako, na unamwambia mshairi wake kwamba amekosea kuhesabu watu. Hawana kazi yoyote? Kazi yao ni kufa, na mshairi analijua hilo kuliko wewe. Anasimamisha vita vyote. Wafalme wanangoja, miungu inangoja, mkuki unangoja hewani, mpaka atuambie huyu kijana ni mwana wa nani, alizaliwa kando ya mto gani, alikuwa hodari wa kazi gani, nani anamsubiri nyumbani. Ndipo mkuki unafika. Ukiondoa hayo unabaki na nini? Unabaki na mkuki.

Ninazo tafsiri tatu za Kifaransa. Ya kwanza ni ya zamani, ya mashairi, na imewavalisha wale wapiganaji soksi za hariri; wakitukanana utadhani wanaombana radhi. Ya pili ni ya kisasa, inakimbia kama taarifa ya habari. Ya tatu, pia ya kisasa, niliipata nikila sambaza sokoni: muuzaji alikuwa anachana kurasa zake kufungia samaki, nikanunua kilichobaki pamoja na mafuta yake. Hiyo ndiyo bora, na ni nzito, na inarudia kila kinachorudiwa. Lakini sikiliza: zote tatu, yenye soksi, yenye haraka na yenye mafuta, zina majina. Wewe peke yako umeyafuta.

Kuhusu mdogo wetu Munyaneza sitaandika kitu leo. Hukuuliza. Mama bado anampakulia.

Dada yako,
Nadra


Kigoma
20 Septemba 1998

Dada Nadra,

Asalaam aleikum. Barua yako ilipita Dar es Salaam kwanza ndipo ikarudi huku, kama kwamba ilikuwa inatafuta mashahidi dhidi yangu. Sisi wazima. Mke wangu alishikwa na malaria, amepona. Mtoto wa kwanza amemaliza darasa la saba na hatupumui naye. Anatembea na cheti mfukoni. Mwambie Mama kwamba kwa magoti nimemtumia chupa ya mafuta ya mnyonyo, ayapashe moto kidogo. Msalimie Umuhire.

Dada, umenichapa kama vile bado niko darasa la tatu na wewe ndiye unayenishikia kibao cha kuandikia. Nimemsomea mke wangu barua yako kwa sauti, akacheka mpaka akakohoa. Sasa nijibu.

Kwanza, hujui Kigiriki. Ndiyo, najua utakachosema: mimi pia sijui. Natafsiri kutoka Kiingereza, kutoka matoleo mawili ya kisasa, nikiyalinganisha. Lakini mimi nafundisha. Wewe unasoma ukiwa umekaa peke yako, umejifunika shuka, hakuna anayepiga miayo mbele yako. Nilijaribu sura ya tano darasani, pamoja na majina yote. Kufikia yule wa kumi, kijana mmoja akainua mkono: “Mwalimu, huyu tutaulizwa kwenye mtihani?” Nikasema hapana. Wote wakaweka kalamu chini. Ndipo nilipoamua.

Pili, kamati ya uhariri kule Dar inataka kitabu chembamba. Wameniambia waziwazi: vita, hasira, mazishi, basi. Wanasema kitabu chenye maiti wengi kuliko watu hai hakiwezi kuingia shuleni. Mimi ni mfasiri, si mwenye duka.

Tatu, na hili naliamini kwa dhati: kuna rehema katika kutokutaja. Mtu anayesoma amechoka. Mwache apite.

Mwambie Mama asikate tamaa. Hapa Kigoma watu bado wanashuka melini kila wiki kutoka upande wa pili wa ziwa, na wengi walikuwa wamehesabiwa wamekufa.

Mdogo wako,
Latif


Nengo, Gisenyi
2 Novemba 1998

Latif, ndugu yangu,

Waaleikum salaam. Mafuta ya mnyonyo yamefika kwa magoti. Mama anasema yananuka kama wewe ulipokuwa mdogo, na ameacha chupa karibu na kitanda. Hongera ya mtoto. Mwambie cheti kisilale mfukoni, jasho litakula muhuri. Umuhire amemaliza sare na sasa anapokea magauni. Mvua imekuwa kubwa. Viazi vya Mudende vinafika sokoni na tope lake lote.

Nitaanza na kijana wako aliyeinua mkono. Ulipaswa kumjibu: “Ndiyo, utaulizwa.” Hilo tu. Umemfundisha kwamba mtu asiyeulizwa kwenye mtihani hana haja ya kuwa na baba wala mto wa kwao, kisha unashangaa ameweka kalamu chini.

Na hiyo rehema yako. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi. “Kuna rehema katika kutokutaja.” Sasa nitakutajia, na utasoma mpaka mwisho, kwa sababu hapa hakuna kamati.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mdogo wetu Munyaneza alitoka Mudende na gari limejaa viazi. Kwenye barabara ya Kanzenze watu wenye bunduki walilisimamisha, na gari likachomwa. Hayo unayajua, nilikupigia simu mimi mwenyewe kutoka dukani kwa Siméon. Ambacho hukutaka kusikia ni kwamba mbele, karibu naye, alikuwa amekaa Nyirarukundo, yule mama anayeuza viazi, ambaye Munyaneza alikuwa akimbeba kila siku ya soko. Yule mama alitembea kwa miguu mpaka kwetu. Alisimama hapo mlangoni na tope mpaka magotini, akasema: “Mama, niko nawaletea habari mubaya. Aliniambia, we shuka, kimbia. Mi nikakimbia. Nikageuka. Nikamuona ameanguka.” Waliokufa siku ile walizikwa huko huko, haraka, pamoja, na hakuna anayeweza kutuonyesha amelala wapi.

Mama alikuwa ameanza kulia. Nakuambia, Latif, alikuwa ameanza. Majirani walikuwa wamekwisha kukunja mikeka kuja kukaa na sisi. Ndipo Siméon akaja mbio: simu ya Kigoma. Wewe ulikuwa umekwenda bandarini kuulizia, na mchuuzi mmoja wa dagaa akakuambia amemwona dereva mrefu wa Gisenyi, mwenye jino lililovunjika. Ulifurahi mpaka ulikuwa unapiga kelele kwenye simu, na Mama, aliyenifuata mpaka dukani, akasikia. Akafuta uso. Akarudi nyumbani, akamfukuza Nyirarukundo. “Muongo! Toka kwa nyumba yangu! Mutoto yangu iko Kigoma, iko na ndugu yake!” Majirani wakarudi kwao na mikeka yao.

Tangu siku ile kuna sahani mezani. Inapakuliwa, inafunikwa, asubuhi inamwagwa.

Nilimwita sheikh. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai, akasema kwa upole kile asichotaka kusema. “Bi Nadra, mwanamke mmoja anasema kafa. Ndugu wa damu anasema yuko hai. Mi nitasomaje hitima ya mutu ambaye ndugu yake anasema iko hai? Nitamuambiaje huyu mutoto Umuhire eda imekwisha?” Nikamwambia, “Sheikh, ndugu yake yuko Kigoma na hajaona kitu.” Akajibu, “Donc, basi, aandike. Ndugu yake aandike kwamba neno lile halina msingi. Siku hiyo hiyo tutaswali.”

Kwa hiyo Umuhire si mke wala si mjane. Ana miaka ishirini na mitano. Kila anayemletea kitambaa anamuuliza habari za mumewe, naye anajibu, “Hajarudi.”

Sikuombi fedha, sikuombi uje, barabara hazifai. Naomba sentensi moja. Andika kwamba Munyaneza amekufa. Kama huwezi kuamini, andika kwamba hujui. Hata hiyo inatosha.

Nadra


Kigoma
14 Desemba 1998

Dada Nadra,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itawafikia kabla ya mwezi kuandama. Nimempa mtu anayepanda hadi Kigali kitenge cha Mama na kipande cha kitambaa cha kijani kwa ajili ya Umuhire, ajishonee gauni la sikukuu. Watoto wanawasalimu. Maji ya bomba yamekatika, tunachota ziwani.

Nimeyafikiria uliyosema kuhusu tafsiri. Katika jambo moja umenishinda. Nilikuwa nimeziondoa zile sifa zinazorudiwa, bahari yenye rangi ya namna moja kila inapotajwa, alfajiri yenye vidole vile vile. Nilidhani ni uvivu wa mshairi. Nimezirudisha. Nilipozisoma kwa sauti nikagundua zinamfanyia msikilizaji kazi ile ile ya kibwagizo katika tenzi zetu: anapumzika, anajua yuko wapi. Kamati wamenuna lakini wamekubali.

Majina siwezi. Nimejaribu kwa uaminifu. Nikifika pale kijana anapotajwa baba yake, mkono unasimama. Si suala la kurasa tu. Naomba usiniulize zaidi.

Ramadhani njema kwenu wote.

Latif


Nengo, Gisenyi
24 Januari 1999

Latif,

Idi imepita. Kitenge cha Mama kimefika na amekivaa. Kitambaa cha kijani kimefika pia. Magoti yale yale. Nakutakia heri wewe na nyumba yako. Hizo ndizo salamu.

Umerudisha rangi ya bahari. Nakupongeza. Bahari haikuwa imepotea.

Siku ya Idi Mama alipika pilau. Alipakua, na ile sahani akaijaza kuliko zetu, nyama juu, akaifunika. Walikuja wageni wachache, wale waliobaki. Mzee mmoja wa msikitini, macho hayaoni vizuri, akakaa penye ile sahani na kuifunua. Mama akamshika mkono: “Hapana, papa. Hiyo iko ya mwenyewe.” Mzee akaomba radhi, akasogea. Hakuna aliyekula kwa raha baada ya hapo. Walinawa mapema, wakaaga mapema.

Umuhire alikuwa uani, akiosha masufuria. Nilimkuta amevaa gauni la kazi. Nikamuuliza kitambaa cha kijani kiko wapi. Amekikata, akakiacha, hajakishona.

“Dada Nadra,” akasema, bila kugeuka, “ntavaa ya sikukuu kama bibi ya nani? Kama iko muzima, arudi. Kama amekufa, tumulilie. Hii ya katikati, mi siwezi tena.”

“Nimemwandikia Latif.”

“We na Latif munaandikiana juu ya Wagiriki.”

Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi, ambaye nina jibu hata kwa sheikh, nikachukua sufuria moja nikasugua naye.

Unasema mkono unasimama. Wangu pia ulisimama, Latif, na nikaendelea. Unadhani yule mshairi alikuwa hana mkono? Unadhani aliwaandika wale vijana kwa furaha? Wewe unayewafuta ili msomaji asichoke, na wewe uliyepiga kelele kwenye simu ili Mama asilie, ni mtu mmoja. Unawaonea watu huruma mpaka hawabaki na kitu. Mama hana mtoto hai wala mtoto aliyekufa. Ana sahani.

Sina mtu mwingine wa kugombana naye. Wewe ndiye wa mwisho, kwa hiyo nakuambia yote. Usiponijibu nitagombana na ukuta, na ukuta angalau haunitumii vitambaa.

Nadra


Kigoma
3 Aprili 1999

Dada Nadra,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kimya. Hakuna mgonjwa. Mvua ni nyingi na barabara ya Kasulu imekatika. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kukaa kizingitini.

Nilirudi bandarini. Yule mchuuzi wa dagaa yupo bado, kwenye meza ile ile. Sitaandika tulichozungumza. Alikuwa mtu mwema, na mwaka jana pia alikuwa mtu mwema. Mwaka jana nilisimama mbele yake nikimwomba habari, naye aliniuliza Munyaneza anafananaje kabla hajaniambia amemwona; lile jino nililitaja mimi.

Baada ya hapo nilichukua sura ya tano nikajaribu tena. Bado mkono ukasimama kwa kila mmoja. Nikaona kwamba kuna mmoja ambaye nisipomwandika huyo kwanza, wengine hawatapita. Kwa hiyo nimemwandika kwa namna ile wanavyoandikwa wale. Kama kuna makosa, wewe ulikaa naye zaidi, na Mama zaidi yako. Msomee Mama. Kisha mpe sheikh karatasi hii, maana ndiyo sentensi uliyoiomba. Sikuweza kuifanya fupi.

*Hapo akaanguka Munyaneza, mwana wa Harerimana
muuza vitambaa, na Mukarugwiza wa Nengo,
aliyemzaa wa mwisho, akiwa amekwisha kugawa nguo za watoto.
Alijua uzito wa gunia kwa kulitazama.
Alijua kila shimo la barabara ya Kanzenze
na upande wa kulikwepea, mvua na kiangazi,
na kutoka kila mzigo alimchagulia mama yake viazi vidogo.
Lakini siku ile kuijua barabara hakukumsaidia.
Alimwambia mwanamke aliyekaa naye, shuka, kimbia;
naye akabaki na usukani. Giza likamfunika macho.
Mkewe Umuhire alikuwa anashona, hajaambiwa.*

Kamati imekataa majina tena. Niliwaandikia, wakajibu kwa mistari miwili. Wanasema uamuzi ni wa wajumbe wote na umefungwa.

Mdogo wenu,
Latif


Nengo, Gisenyi
23 Mei 1999

Ndugu yangu Latif, mwana wa mama yangu,

Waaleikum salaam wa rahmatullah. Barua yako ilifika ikiwa imelowa, lakini inasomeka. Magoti ya Mama ni afadhali. Chupa ya mnyonyo imekwisha, leta nyingine ukipata mtu.

Nilimsomea mchana, baada ya adhuhuri, akiwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Sikumwambia ni nini. Nilisema, “Mama, Latif ameleta kitu chake, sikiliza.” Alidhani ni Wagiriki. Akaendelea kuchambua. Nilipotaja Harerimana mkono ukasimama. Nilipotaja jina lake mwenyewe akaweka ungo chini. Umuhire alizima cherehani. Nikasoma mpaka mwisho.

Mama alipangusa mikono kwa kitenge. Kisha akasema: “Andikia Latif. Kuko kosa.”

“Kosa gani, Mama?”

“Biazi bidogo. Haikukuwa ya mimi. Ni yeye mwenyewe alipenda bidogo, na ganda yake. Alikuwa ananidanganya ati ni ya mama, juu ya Umuhire asimucheke.”

Umuhire akasema kutoka mashineni: “Mi nilijua.”

Wakatazamana, na hapo ndipo walipoanza kulia, wote wawili pamoja. Mimi nilisimama na karatasi yako kama mwalimu aliyesahaulika darasani.

Mama hakutaka sheikh kwanza. Alitaka Nyirarukundo. Ilibidi nitume mtu Mudende, na yule mama alikataa mara ya kwanza, na ana haki. Mara ya pili alikuja, akasimama nje ya mlango, hapo hapo aliposimama siku ile. Mama alimshika mkono akamwingiza, akamkalisha mezani, akapakua kwenye ile sahani, nyama juu, akaiweka mbele yake.

“Kula kwanza,” akamwambia. “Halafu unieleze yote. Mara ile sikukuacha umalize.”

Nyirarukundo alikula. Kisha akasema yote, polepole, na Mama alimuuliza maswali: alikuwa amevaa shati gani, jua lilikuwa wapi, alisema “kimbia” kwa hasira au kwa upole. Nyirarukundo alijibu kila moja. Sahani ilioshwa ikarudishwa kabatini pamoja na nyingine. Sijui tena ni ipi.

Sheikh aliisoma karatasi yako, na tuliswali siku ya Ijumaa, swala ya asiyekuwepo, na hitima ikasomwa, na mikeka ya majirani ikatandikwa. Yule mwalimu wa chaki alikuja. Alikaa nami, akaniambia dibaji yako, niliyomwonyesha, ni ya kijinga, nami nikaitetea! Usijivune, nilitaka tu kumkatalia. Tuligombana mpaka chai ikapoa. Kisha akaaga akaenda, na sijamwona tena.

Sheikh alimwambia Umuhire kwamba eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo imekwisha kupita bila yeye kujua. Ameshona kile kitambaa cha kijani. Jumatatu iliyopita alipanda gari na cherehani yake kwenda Kigali kwa dada yake, Umugwaneza. Tulimsindikiza mpaka stendi. Mama alimbebea mfuko wa viazi vidogo.

Nyumba ni kimya sasa, Latif. Nilikuwa nalilia mwisho wa mambo haya, na mwisho wenyewe umekuja ukamchukua na Umuhire. Mama analala mapema. Nimeipiga karatasi yako chapa kwa mashine ya zamani ya shule, na pale penye “mama yake” nimepabadilisha kama Mama alivyosema. Huo ni ubeti ambao Mama na mimi tumekwisha kuurekebisha. Hivyo ndivyo nadhani Wagiriki walivyofanya, mama mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa sawa.

Kurasa zinazofuata si zako. Zipeleke Dar, zisomwe mbele ya wote.

Wajumbe wa kamati ya uhariri, mimi ni dada wa mfasiri wenu. Sina cheo, na Kigiriki sijui. Mmesema uamuzi umefungwa. Ufungueni. Mmesema kitabu chenye maiti wengi kuliko watu hai hakiwezi kuingia shuleni. Njooni mketi katika madarasa ya huku kwetu, mwone watoto wanaingia na nini vichwani. Hao hawaogopi maiti. Wanaogopa kwamba wao pia hawatatajwa.

Mnataka kitabu chembamba? Kateni mabishano ya miungu, yanajirudia. Kateni karamu, nyama ni ile ile. Kateni hotuba za wafalme, hakuna mfalme aliyepungukiwa na maneno. Kateni dibaji yote ya mdogo wangu, hataumia. Lakini kila kijana aliyepewa mstari mmoja, mrudishieni mstari wake, na baba yake, na mto wa kwao, na kazi aliyoijua. Rudisheni wote, kabla kitabu hakijaenda mtamboni, na mniandikie kwamba mmewarudisha.

Nadra Harerimana
Nengo, Gisenyi